Lugha Isiyo na Soko

Nina furaha isiyo na kifani kuutangazia umma kwamba Idara ya Mifumo imetokomeza kabisa ugonjwa wa mainjinia kuacha kazi. Dawa niliibuni mwenyewe, mimi Mkurugenzi, nikisubiri lifti.

Ugonjwa ulikuwa hivi. Tunaajiri kijana, tunamfundisha ile lugha ya kuandikia programu inayotamba mjini, miezi sita anaiva, wa saba kampuni inamnyakua. Tulikuwa kama shule ya udereva: gari letu, mafuta yetu, dereva wa watu. Inauma! Ndipo nikajiuliza kitaalamu: je, tukichagua lugha ambayo haitakiwi popote?

Kikosi Kazi cha Uteuzi wa Lugha, yaani mimi na katibu muhtasi wangu, kikapata moja iliyozikwa miaka thelathini iliyopita. Tukatangaza nafasi ishirini kwa wenye ujuzi nayo. Walikuja waombaji wawili, na mmoja alikuwa amekosea mlango. Wa pili alikuwa bibi wa miaka sabini na moja, mwanaprogramu mstaafu.

"Mwanangu, nani kakwambia hii lugha bado ipo?"

"Idara imefanya utafiti wa kina, mama."

"Ulifanyika wapi? Mbona hamkunipigia simu?"

Tulimwajiri papo hapo kuwa Mkufunzi Mkuu. Nafasi kumi na tisa tukawapa vijana wasiojua chochote, maana asiyejua hana cha kusahau. Walimbatiza Bibi Mabano, kwa kuwa kutwa alikuwa akifoka, "Wajukuu, mabano yakifunguliwa yafungwe! Mmezaliwa kwenye hema?" Vijana walicheka mpaka machozi, na wakajifunza. Mfumo mzima wa Idara ukaandikwa upya kwa lugha hiyo. Mwaka ukaisha, hajaondoka hata mmoja! Nilikata keki.

Mwezi uliopita Waziri alikuja kukagua.

"Huyu bibi akiondoka, mtapata mwingine?"

"Hapatikani duniani kote, mheshimiwa!" nilijibu kwa fahari.

"Na wewe ukiondoka?"

Katibu muhtasi wangu akanisaidia.

"Wakurugenzi wapo tele, mheshimiwa. Kila kona."

Jumatatu iliyofuata kiti changu kikatangazwa. Sifa kuu: mwombaji awe anaijua lugha ya Idara, kwa mtihani. Wiki mbili nilikesha na vitabu vya Bibi Mabano, nikijipa moyo kwamba vijana hawakuomba, waombaji ni wawili tu, na mwenzangu ni katibu muhtasi. Sikujua kwamba kila nilipokuwa kwenye semina, yeye alikuwa darasani.

Matokeo yametoka leo. Yeye amepata tisini na nne. Mimi nilifungua mabano saba, nikafunga mawili.

Nilikwenda kumpongeza bosi mpya, barua ya kujiuzulu mkononi. Aliisoma, akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Kaa tu, mzee wangu. Kwa lugha hiyo unayoijua, nani atakuchukua?"