Handaki la Mashujaa, Kanduyi

Jumatatu, 3 Novemba

Sikulala. Ujumbe umetoka Bokoli: baba mkwe, Mzee Wabwile, amesema Krismasi haitamkuta akingoja. Aone ng'ombe, hata mmoja wa kuanzia, au anakuja kumchukua binti yake. Binti yake ni Phelista, mke wangu. Joy wetu yuko bweni, kidato cha pili, na mahari ya mama yake haijatoka hata kwato.

Phelista akasema, kwa upole ule unaonitisha kuliko makelele, si nimpe tu Susana. Susana! Ng'ombe wangu wa pekee! Nikamwambia Susana ni wa maziwa, si wa mahari. Akauliza ng'ombe wa mahari hukamuliwa nini. Nikatoka nje kufikiri.

Nje ndiko nilikoliona. Shimo! Lile handaki refu nyuma ya migomba, tunamotupa makopo na maganda tangu enzi za marehemu baba. Redioni asubuhi walisema kuna chama cha Kitale kinachotembeza watu kwenye maeneo ya historia ya nchi hii. Jumamosi wanakuja upande wa Bungoma kuona ngome ya Chetambe, pale Wabukusu walipopigana na Waingereza. Sasa, waliokimbia vita walikimbilia wapi? Walijificha wapi? Kwa nini isiwe kwangu? Wageni watalipa kuingia, nitamnunulia Mzee ng'ombe mwingine, Susana atabaki.  

Jumanne, 4 Novemba

Kitale. Ofisi ya chama ni chumba nyuma ya duka la dawa. Mwenyekiti ni Mwalimu Jepchirchir. Alifundisha historia mpaka akastaafu, na bado anakutazama kama anakusahihisha. Pembeni ameketi Job wa Kibomet. Simpendi Job. Ana jiwe la kusagia la setla fulani, mzungu wa enzi za ukoloni, uani kwake, na wageni wanapiga picha nalo kila wakija. Jiwe!

Nikaeleza handaki langu. Maneno yalitoka mengi kuliko nilivyopanga. Mashujaa, mikuki, akina mama waliobeba watoto. Job akauliza ati nani alilichimba, na nani anajua. Nikasema wazee. Akauliza wazee gani. Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi. Mwalimu akamnyamazisha, akasema watapita kwangu Jumamosi mchana, mradi kuwe na mzee wa kusimulia na kibao kinachoonekana kutoka barabarani. Nikasema vyote viko tayari. Hakuna hata kimoja.

Akaniomba basi niandamane nao asubuhi hadi Chetambe. Chetambe! Ukipiga chafya pale, wakwe wa Bokoli wanasikia. Nikasema nina mgongo. Nikainama kidogo ili aamini, na sasa unauma kweli.

Jumatano, 5 Novemba

Kwetu amebaki mzee mmoja tu: Senge Nekoye, dada yake marehemu baba. Nikampelekea sukari. Nikamfundisha la kusema: mashujaa, mikuki, mvua kubwa. Akacheka mpaka akakohoa. Nikampa maji, akacheka tena. Akasema historia ya shimo hilo anaijua kuliko mimi, na ataisimulia mbele ya wageni wenyewe. Nikamwomba aseme kidogo tu. Akasema ataona. Siipendi hiyo "ataona".

Sasa kibao. Hapa Kanduyi hodari wa maandishi ni Fundi Kizito, lakini hapokei simu akiwa na rangi mikononi. Nikamtumia ujumbe wa sauti: aandike MAHALI YA KALE, KARIBUNI WOTE, herufi kubwa nyekundu. Phelista alikuwa anachambua maharagwe. Akasema Kiswahili chake ni mahali pa kale. Nikamwambia huku kwetu tunasema ya, na hakuna mgeni atakayepotea kwa sababu hiyo. Akaongeza ati nitamke vizuri, maana nachanganya R na L kama wajomba zangu. Uongo mtupu. Mimi nilisoma.

Alhamisi, 6 Novemba

Job amenipigia simu. Ati anakuja pia Jumamosi, ati ana hamu sana. Hamu gani? 

Handaki halina ushahidi wowote. Nikaenda kwa wachoma nyama, nikapewa chuma cha mishikaki kilichokatika. Nikakinoa, nikakipaka tope na kinyesi cha kuku, nikakizika handakini ncha ikichungulia. Mkuki. Ukiutazama kwa mbali unatisha. Ukikaribia, bado unanukia nyama.

Ijumaa, 7 Novemba

Siku nzima handakini na jembe la jirani. Nimetoa makopo, kiti kisicho na mgongo, kiatu kimoja. Mikono imejaa malengelenge. Kibao amekisimika Kizito mwenyewe kando ya lami asubuhi. Sikupata nafasi ya kukitazama.

Lakini sifa! Watu wa boda wanapita wakinipigia honi na kuniita mwanaume kamili. Mchungaji wetu ameshuka mpaka shimoni kunishika mkono, akasema ameliombea jambo hili miaka mingi. Sikujua kanisa linajali historia hivyo. Mama jirani akapiga vigelegele. Jioni Phelista akachinja kuku, akaniwekea firigisi, fungu la mume anayeheshimiwa. Firigisi! Siku zote huwa ati imeungua. Macho yake yalikuwa na machozi. Akasema, "Baba Joy, kumbe ulikuwa unanificha tu." Nikasema ndiyo. Sikujua nakubali nini, lakini firigisi ilikuwa tamu.

Nikashuka barabarani kukiona kibao changu. MAHARI YA KALE. KARIBUNI WOTE.

Nikajikokota kwa Kizito, nikamwuliza mbona nimesema mahali naye ameandika mahari. Akasema ameandika alichosikia, akanichezea sauti yangu. Mara ya kwanza nikasikia mahari. Mara ya pili, mahari. Nikasema simu yake ni mbovu. Akaniuliza mbona jina lake limesikika vizuri.

King'olewe! Lakini nikiking'oa nitamwambia nini Phelista? Na kuna baya zaidi. Binamu yake alipita na pikipiki, akapiga picha, picha iko Bokoli. Wanakuja kesho. Wote, maana kibao kimesema wote. Firigisi inanipanda kooni.

Jumamosi, 8 Novemba

Kulipokucha nikamtoa Susana, nikamfunga kwa jirani nyuma ya choo. Wakwe hawajui kwamba yupo. Wasijue.

Wakafika kabla ya wageni. Pikapu imejaa: Mzee Wabwile na fimbo yake, wajomba, na, Mungu wangu, mama mkwe. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Nikageuka kwa heshima kumpisha. Nikarudi nyuma. Nikarudi tena. Nikaingia handakini, nikaketi juu ya mkuki wangu wa kihistoria.

Ndivyo watu wa historia walivyonikuta. Mwalimu Jepchirchir mbele, wageni wake nyuma, na Job, aliyepiga picha kabla hata ya kunisalimia. Job akasoma kibao kwa sauti. Akauliza ati sasa hapa ni vita au ni harusi. Mwalimu akasema tumsikilize mzee wetu. Senge Nekoye akaletewa kiti. Nikamkonyeza kutoka kule chini. Hakunitazama.

Akasema shimo hili lilichimbwa na baba yake mzazi, yaani babu yangu. Wakwe walikuwa wanakuja kudai mahari ya mama yake, yaani nyanya yangu. Babu akaingiza ng'ombe wake wote humu, akawafunika kwa majani, akawaambia wakwe kwamba ugonjwa umewamaliza. Wakwe wakampa pole nyingi. Wakiwa bado wanampa pole, ng'ombe mmoja akalia. Wakawatoa wote, wakachukua na jembe.

"Hapa hakujificha shujaa," akasema Senge. "Walijificha ng'ombe. Mimi nilikuwa msichana mdogo. Nilimwona mama analia kwa aibu, kwamba bei yake ilikuwa shimoni na mumewe anaapa haipo."

Nilitaka ardhi inimeze, lakini nilikuwa ndani yake tayari.

Mwalimu akavua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu. Akasema vita vya Chetambe kila mtu hujivunia kuvisimulia. Haya ya nyumbani watu huyazika, na ndiyo amekuwa akiyatafuta siku zote. Nimekubaliwa! Kibao kibaki hivyohivyo, akasema, maana hajaona kingine chenye ukweli kama hicho. Job akakunja uso. Nilifurahi. Kidogo tu.

Maana Mzee Wabwile alisogea ukingoni na fimbo. Akasema ya babu ameisikia, sasa anataka kusikia ya kwangu. Phelista alikuwa amesimama kando yake, amevaa gauni lake la kanisani. Akanitazama. Nilijua anangoja nitaje jina moja tu, jina la Susana. Mdomo ukafunguka. Wakati uleule Susana akalia kule nyuma ya choo.

"Ng'ombe wa jirani," nikasema.

Phelista akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevua lile gauni. Mzee akasema atarudi Jumatano. Ataondoka na ng'ombe au ataondoka na mtoto wake.

Jumatano, 12 Novemba

Nimewaza mpaka kichwa kikauma. Jirani hamtaki Susana tena, anasema amemaliza sukuma wiki yake. Kiploti changu hakina pa kuficha hata mbuzi. Isipokuwa pale. Na hebu tufikiri kwa akili: hadithi ya Senge imeenea Bungoma mpaka Kitale. Nani atarudia jambo lilelile, katika shimo lilelile? Hakuna mtu mjinga hivyo. Kwa hiyo hakuna atakayetazama! Asubuhi nikamwingiza Susana handakini, nikamfunika vizuri kwa majani ya migomba.

Mzee akaja. Nikamwambia ng'ombe alikuwepo, lakini ugonjwa. Akanipa pole. Susana hakulia hata kidogo, nampa sifa yake. Lakini kumbe ng'ombe hula majani ya migomba. Tulipogeuka, mgongo wake wote ulikuwa nje, anatafuna taratibu, anatutazama.

Phelista akashuka mwenyewe handakini. Akafungua kamba, akampandisha Susana, akaiweka kamba mkononi mwa baba yake. "Pokea, Baba," akasema. "Mahari yangu nimejitolea mwenyewe."

Halafu akachukua begi. Kumbe lilikuwa tayari mlangoni. Akaniambia nikimtaka nimfuate Bokoli, niingie kwa lango la mbele, nikimvuta ng'ombe wa pili mchana kweupe, watu wakiona. Wakaondoka. Susana hakugeuka. Phelista aligeuka mara moja, pale kwenye kibao. Nikapunga mkono. Hakupunga.

Nimekunywa strungi, chai isiyo na maziwa, peke yangu. Nyumba imepoa. Maziwa nimeyakosa, Phelista nimemkosa, na sijui kipi kinaniuma zaidi. Hapana, najua. Ni Phelista.

Lakini jioni Mwalimu Jepchirchir amepiga simu! Wageni wengine wanakuja, na wanaomba kuona kwa macho yao jinsi ng'ombe alivyofichwa. Kwa hiyo lazima niwe na ng'ombe. Job anao kule Kibomet. Kwa ajili ya historia ya nchi hatakataa kuniazima mmoja. Wageni wakishaondoka, Job akimdai, nitamwambia ugonjwa. Na huyo ndiye nitakayemvuta mpaka Bokoli, mchana kweupe, kama Phelista alivyotaka.

Atakaa shimoni siku kadhaa tu kabla ya safari. Safari hii atafunikwa kwa majani ya mkaratusi, hayaliki. Na nimeligundua kosa letu, mimi na babu, ni lilelile moja: shimo halina kina. Nimepita kwa Senge Nekoye kuazima jembe. Amenipa. Hakuniuliza la nini.