Sungura wa Anyona na Chinsaga ya Mzazi

Jumanne, 12 Agosti

Simu kutoka Kisii asubuhi. Valentine amejifungua salama! Mtoto wa kike, sauti ya nyanyake kabisa. Mimi ni babu! Nilizunguka nyumba nikiwaambia kuku.

Nyanchera, mke wangu, yuko naye hospitalini. Akatoa amri. Jumapili wanakuja hapa Manga, mzazi na mtoto, wakae mpaka binti yetu apate nguvu. Chinsaga, mgagani wetu wa bustanini, imekomaa, itaanza kuchumwa siku hiyo hiyo. Mzazi asiyekula chinsaga maziwa atayatoa wapi? Nisiguse kitu. Nilinde tu. Hiyo "tu" aliirudia kupita kiasi. Nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji. Bustani ya mboga itanishinda?

Nikaenda kuitazama. Mstari wa pembeni umenyolewa! Vinyesi vya mviringo kila mahali. Sungura! Na anayefuga sungura hapa ni Anyona peke yake, jirani yangu wa chini ya mteremko, Mkatoliki. Nikamwita uani. Akasema wake wote wako bandani, na pengine mla mboga ni mimi, kwa vile mke hayupo. Nilimpa jibu kali sana, baadaye, nikiwa jikoni peke yangu.

Jumatano, 13 Agosti

Pilipili. Nilisikia redioni kwamba sungura haiwezi. Nikatwanga ya kutosha, nikarusha juu ya majani. Upepo wa Manga ukanirudishia yote usoni. Nikajifuta kwa mikono ile ile. Ole wangu!

Anyona akanikuta nimezamisha kichwa kwenye ndoo. Akauliza kama siku hizi Wasabato wanabatizana hata katikati ya wiki.

Alasiri mvua ikanyesha, pilipili yote ikaoshwa. Sungura wamekula mboga safi.

Alhamisi, 14 Agosti

Mtego, katikati ya chinsaga. Karai la Nyanchera, kijiti, kamba, na chini yake majani ya viazi vitamu, rundo zima, maana adui hakaribishwi kwa uchoyo. Nikajificha nyuma ya migomba. Nikasinzia. Nilipoamka nikaona kitu kinatikisika, nikavuta kamba kwa nguvu zote.

Jogoo wangu mwenyewe. Alitoka chini ya karai akiwa na hasira, akanifukuza mpaka mlangoni. Karai nimerudisha. Rundo la majani nimeliacha pale pale, sina nguvu.

Anyona akapita, akasema afadhali nijenge uzio. Nikamwambia wazo hilo nilikuwa nalo tangu Jumanne. Sikuwa nalo.

Nyanchera akapiga simu kuuliza chinsaga. Nikasema inaendelea. Sikusema inaendelea kwenda wapi.

Ijumaa, 15 Agosti

Uzio! Waya wa kuku kutoka Ikonge, umeletwa na bodaboda. Nimechimba, nimepigilia, nimefukia waya chini ardhini, mlango nimeushona kwa waya mpaka kidole hakipiti. Mbio mbio, maana jua likizama Sabato imeingia na nyundo lazima ilale. Msumari wa mwisho na jua la mwisho vikaenda pamoja. Nikafungia vyombo stoo. Nikasimama mbele ya kazi yangu, nikaanza wimbo wa kuikaribisha Sabato.

Ndani ya uzio, katikati ya chinsaga, masikio manne yakanyanyuka kunisikiliza.

Nimewafungia ndani! Pamoja na chakula cha binti yangu! Kuukata waya ni kazi. Kuandika si kazi, nadhani.

Sabato, 16 Agosti

Kanisani sikusikia hubiri. Nilisikia kutafuna. Baadaye nikamfuata mzee wa kanisa, Mokua, nikamkumbusha yule ng'ombe wa kwenye Injili aliyetumbukia shimoni siku ya Sabato, kwamba inaruhusiwa kumtoa. Akakubali. Je, sungura aliyetumbukia kwenye mboga? Akafikiri sana. Akasema ng'ombe yule alikuwa na shida. Sungura wangu hana shida yoyote. Niende nyumbani nikapumzike.

Nilikaa barazani nikiogopa, nasema wazi. Mtoto wangu ametoka kuzaa, na mimi nimewaandalia karamu wanyama. Nilitamani kulia.

Kumtuma mtu kazi leo ni kosa pia. Basi nikasimama uani, nikamsimulia Anyona, kama habari tu, kwamba mahali fulani kuna sungura wawili, kwamba sisi Wasabato hatuli sungura, na kwamba siombi chochote. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akapanda na koleo lake. Nikampa mgongo, nisije nikaonekana msimamizi.

Akatoka na sungura kila kwapa, anawaita kwa majina! Ndipo akakiri kwamba banda lake lina tundu. Kwenda kuangalia chinsaga sikuthubutu.

Jumapili, 17 Agosti

Nimeingia bustanini alfajiri, macho nusu. Chinsaga imesimama! Imesimama yote, ukitoa ule mstari wa pembeni! Kilichokwisha ni rundo la majani ya viazi vitamu, vimebaki vijiti. Wameshinda Sabato nzima wakila mtego wangu. Nilikaa kwenye udongo nikamshukuru Mungu, machozi yananitoka, na safari hii hayakuwa ya pilipili.

Saa sita wakafika. Nyanchera akaukagua uzio kama afisa wa kilimo, kisha akaingia kuchuma. Chinsaga ikachemshwa, ikatiwa maziwa. Valentine akala, akaongezwa, akalala usingizi mzito. Nimempakata mjukuu. Mwepesi! Nimemweleza kwamba yale majani ya viazi yalikuwa mpango wangu tangu mwanzo. Hakubisha.

Jioni Anyona amekuja kumwona mtoto. Zawadi yake iko kikapuni: kitoto cha sungura, cheupe. Nyanchera akanuna, lakini Valentine alitabasamu, basi nani atakataa? Nimekijengea banda papo hapo kando ya chinsaga. Waya wa uzio nimeukata upande unaoelekea kwa Anyona, maana vita vimekwisha. Anyona ameuliza komeo la mlango liko wapi. Nimemjibu kwamba banda nililojenga mimi halifanani na lake.

Komeo nitatia kesho. Kenyewe ni kadogo, kapole. Nimekawekea majani machache ya viazi vitamu, na yakiisha, chinsaga katajuaje iko wapi?