Kijiko cha Vumbi

Kwa mamlaka aliyopewa, na kwa sauti aliyojipa mwenyewe, Mkurugenzi wa Ofisi ya Vibali na Mihuri aliwapanga watumishi wote mistari kwenye uwanja wa kuegesha magari na kuwatangazia kwamba kuanzia siku hiyo ofisi imeingia vitani dhidi ya vumbi lililojificha ndani ya kompyuta.

"Vumbi," alisema, "limetuchelewesha vya kutosha."

Watumishi wakapiga makofi. Wananchi waliokuwa kwenye foleni mbele ya madirisha, ambao tangu asubuhi walikuwa wakiambiwa mtandao hakuna, nao wakapiga makofi wakidhani umerudi.

Kisha Mkurugenzi akavuta kitambaa cha bluu, na silaha yenyewe ikaonekana juu ya meza. Jina lake kamili lilikuwa Kifaa cha Umeme cha Kupulizia Upepo Kisichotumia Waya. Watu wa mtaani wangeiita bloa na kuendelea na shughuli zao. Ilikuwa na umbo la draya ya saluni: mpini wa kushika, mdomo mwembamba wa plastiki, na betri tumboni. Unaichaji kama simu, unabonyeza, inapiga kelele kama ndege inayotafuta pa kutua, na upepo wake unapenya pale ambapo kitambaa na kidole vimeshindwa.

"Na atakayeishika," Mkurugenzi akasema, "ni mtu mmoja tu."

Mtu huyo alikuwa Kimbunga.

Jina la Kimbunga alipewa na wenzake kwa sababu hajawahi kuonekana akikimbia, hata siku ile jiko la chai liliposhika moto na yeye akiwa ndani. Alikuwa Kaimu Mkuu wa Kitengo cha Vifaa. Alianza kukaimu pacha wake wakiwa wananyonya, na sasa mmoja wao alikuwa akinyoa ndevu kwa wembe wa baba yake. Barua ya kumthibitisha ilikuwa imeshachapwa zamani, imelala kwenye droo ya Mkurugenzi, haidai kitu ila sahihi. Mkurugenzi alikuwa amemvuta kando, akamwambia kwa sauti ya chini, "Nimalizie zoezi hili vizuri. Siku ya kilele naisaini mbele ya watu."

Jioni hiyo Kimbunga aliiweka bloa juu ya meza ya kulia, kwa heshima anayopewa mgeni.

"Ndiyo nini hiyo?" mkewe, Mama Pacha, akauliza.

"Siri ya serikali."

"Siri ya serikali ina kazi gani?"

"Inapuliza vumbi."

Mama Pacha akaitazama bloa, akamtazama mumewe, akairudia bloa. "Baba Pacha, wamekuweka kaimu mpaka watoto wameota ndevu, leo wanakupa feni ya mkononi unarudi umevimba kifua?"

"Safari hii wananithibitisha, mke wangu. Barua nimeiona kwa macho."

"Afadhali. Maana kwenye kikundi chetu cha akina mama naitwa mke wa kaimu. Iko siku nitaulizwa mwenyewe hasa ni nani."

Zoezi lilianzia Masjala. Kimbunga alifungua kava la kompyuta ya kwanza, akaelekeza mdomo wa bloa, akabonyeza. Vumbi lote likatoka, likavuka mlango likiwa limeshikamana, likaingia Uhasibu. Uhasibu wakalalamika kwa maandishi kwamba wamepokea vumbi ambalo halikuwemo kwenye bajeti yao. Kikao cha dharura kikakubaliana kwamba vumbi la idara moja lisivuke kwenda nyingine bila ridhaa ya pande zote mbili, na kwamba kazi ihamie nyuma ya jengo, juu ya shuka jeupe.

Huko Kimbunga alifanya kazi iliyonyooka. Alichomoa plagi, akafungua kava, akaikamata feni kwa penseli isizunguke kichaa, akapuliza kidogo kidogo, hapa na pale, mpaka mashine ikapumua. Kwenye shuka zilianguka pini, mabaki ya biskuti, kucha, na mende mmoja wa Uhasibu aliyeonekana kustaafu humo humo.

Mkurugenzi alikuja kutazama. Akaliangalia shuka kwa muda mrefu, mikono nyuma, kisha akatamka maneno ambayo kesho yake yalibandikwa kila ukuta: vumbi ni uvivu uliokauka. Waraka ukafuata. Kila mtumishi atapimwa kwa vumbi lililotoka kwenye kompyuta yake, na atakayeongoza atahamishiwa stoo ya nyuma, pale kwenye viti vilivyovunjika, akatafakari.

Kulikuwa na tatizo dogo la kitaalamu. Mizani ya vifurushi ilipowekewa vumbi haikushtuka. Ikaundwa kamati ndogo, ikanywa soda, ikaamua kipimo kiwe kijiko cha chai. Kijiko kilichukuliwa kwenye trei ya Mkurugenzi, na kila jioni kilirudishwa kwenye trei, kwa kuwa ni mali ya ofisi.

Masjala wakapata nusu kijiko kwa kichwa. Uhasibu wakapata kijiko kizima pamoja na mende, wakakata rufaa kuhusu mende.

Ndipo ikafika zamu ya Mama wa Dirisha la Tatu.

Ofisi ile ilikuwa na madirisha matatu ya kuhudumia wananchi. La kwanza lilikuwa la kuulizia la pili. La pili lilikuwa limefungwa. Kwa hiyo watu wote waliishia la tatu, kwa mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, ambaye kompyuta yake ilikuwa ya kwanza kuwashwa na ya mwisho kuzimwa. Hata ripoti za Mkurugenzi, alizoziandika kwa mkono kwa kalamu ya wino, ziliteremshwa kwake azichape.

Kimbunga alipopuliza, shuka likageuka rangi. Kijiko kikajaa, kikamwagwa, kikajaa tena. Mwishowe Kimbunga akaomba bakuli.

"Mama," alisema akikohoa, "hii ni aibu."

"Aibu ya nani? Hiyo ni barabara nzima, Kimbunga. Kila aliyesimama hapo dirishani kaniachia kidogo."

"Waraka hauulizi limetoka wapi. Unauliza vijiko vingapi."

"Haya, hesabu. Na nikienda stoo, hapo dirishani anakaa nani?"

"Hilo lina kamati yake."

"Iambie kamati ije na kiti. Hiki nimetoka nacho nyumbani."

Kimbunga akaandika "bakuli moja" kwa mwandiko mzuri. Hakufurahi, lakini hakuhuzunika sana. Sheria ni sheria, na barua ilikuwa kwenye droo.

Ikabaki kompyuta moja, ya Mkurugenzi mwenyewe. Hiyo haikuteremshwa nyuma ya jengo. Shuka ndilo lililopandishwa ghorofani, likiwa limefuliwa na kupigwa pasi. Ofisi ya Mkurugenzi ilikuwa na zulia la kuzamisha viatu, mapazia mazito, na kiyoyozi kilichomfanya Kimbunga asikie baridi ya heshima. Kompyuta ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa kulikuwa na chombo cha maua ya plastiki.

Kimbunga akatafuta plagi aichomoe. Waya ulikuwa umekunjwa vizuri na kufungwa kwa kamba ndogo ya kiwandani. Akaona, naam, hii ndiyo nidhamu. Akafungua kava. Ndani mlimetameta kama duka la vijiko. Kwenye feni palikuwa na utepe mwekundu umebandikwa kutoka upande hadi upande, umeandikwa ONDOA KABLA YA KUTUMIA. Kimbunga alidhani ni alama ya usalama wanayowekewa viongozi. Akaubandua kwa adabu, akauweka kwenye mfuko wa shati.

Akapuliza. Hakikutoka kitu. Akabadili mdomo wa bloa, akapuliza kwenye pembe, akapuliza chini, akapuliza mpaka taa ya betri ikawa nyekundu. Shuka likabaki jeupe, na mikunjo yake ya pasi.

"Umeona?" Mkurugenzi akauliza kutoka kwenye kochi.

"Nimeona, Mheshimiwa. Hata punje."

"Miaka yote hiyo."

"Miaka yote hiyo, Mheshimiwa. Sijui siri yake ni nini."

"Nidhamu. Mimi kompyuta yangu siishikishiki ovyo."

Kuna kitu kilimwasha Kimbunga ndani ya kichwa, mahali fulani ambapo hata bloa isingefika. Kisha akaikumbuka droo, na mwasho ukaisha.

Siku ya Kilele ilikuwa na turubai, viti vyenye vitambaa, na skrini kubwa ya projekta. Kompyuta Safi Kuliko Zote iliwekwa juu ya meza, kava likiwa wazi ili taifa lijifunze. Pembeni yake ililala barua ya Kimbunga, na kalamu juu yake. Mama Pacha alikuja amevaa gauni jipya, akakaa pale ambapo angeiona barua bila kunyoosha shingo. Mbele kabisa, kwenye kiti cha peke yake, aliwekwa Mama wa Dirisha la Tatu na bakuli lake mapajani, kama mfano mbaya. Kwa kuwa dirisha lake lilifungwa kwa ajili ya sherehe, foleni yote ikageuzwa kuwa hadhira.

Mgeni rasmi alikuwa Katibu Mkuu wa Wizara, mama mfupi mwenye miwani ya mnyororo na mahali pengine pa kwenda. Aliisikiliza hotuba ya Mkurugenzi mpaka ilipofika kwenye uvivu uliokauka, akainuka.

"Hongera," alisema. "Sasa iwasheni, nione inavyokimbia."

Mkurugenzi akakohoa. "Mheshimiwa, kuwasha hakumo kwenye ratiba."

"Kompyuta safi namna hii itakuwa na kasi ya ajabu. Iwasheni."

"Kimbunga," Mkurugenzi akasema, "iwashe."

"Neno la siri, Mheshimiwa?"

"Utalikuta humo humo."

Kimbunga akachomeka waya, akabonyeza. Feni ikazunguka kwa sauti laini ya kitu kinachofanya jambo kwa mara ya kwanza. Skrini kubwa ikawaka, na maandishi yakatokea, makubwa kuliko turubai:

HABARI! HONGERA KWA KUPATA KOMPYUTA MPYA. TUANZE PAMOJA. CHAGUA LUGHA.



"Ichagueni basi!" mtu mmoja wa kwenye foleni akapiga kelele. "Tumechelewa!"

Katibu Mkuu akavaa miwani. "Mkurugenzi, mashine hii ulipewa lini?"

"Mwaka ule nilioteuliwa, Mheshimiwa."

"Na uliteuliwa lini?"

Mkurugenzi akaangalia kalenda ambayo haikuwepo. Mama Pacha akamsaidia kutoka nyuma: "Pacha walikuwa wanaanza shule!"

"Na zile ripoti ninazoletewa kila mwezi?"

Mama wa Dirisha la Tatu akainua bakuli kidogo. "Zimo humu, Mheshimiwa."

Katibu Mkuu akauomba waraka, akausoma wote. "Stoo kuna nafasi ngapi?"

"Moja," Kimbunga akajibu. Alikuwa mkweli kwenye mambo ya vifaa.

"Basi ijazwe." Akamwonyesha Mkurugenzi njia ya nyuma kwa ncha ya waraka wake mwenyewe. "Na huyu mama arudi dirishani. Kuanzia leo vumbi ni ushahidi wa kazi. Kiongozi yeyote, wa ofisi yoyote, atakayekutwa hana hata kijiko kimoja ndani ya kompyuta yake, atamfuata mwenzake stoo!"

Makofi yaliinua turubai. Katikati ya makofi Katibu Mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kama mtu aliyekumbuka pasi aliyoiacha inawaka nyumbani.

"Wizarani," akaongeza, "ukaguzi utachelewa kidogo. Kwa maandalizi."

Alipokuwa anaondoka akaiona barua. "Na hii?"

"Ya kunithibitisha, Mheshimiwa," Kimbunga akasema. Sauti ilimtoka kama betri inayokwisha.

"Wa kuisaini ni Mkurugenzi, na Mkurugenzi hayupo." Akafikiri. "Lakini ofisi haiwezi kukaa hivi hivi. Utakaimu."

"Nitakaimu nini, Mheshimiwa?"

"Ukurugenzi."

Nyuma kabisa, Mama Pacha akajifunika uso kwa mkoba.

Kaimu Mkurugenzi alihamia ghorofani na bloa yake. Akaichagulia kompyuta lugha, akaiwasha, akaiacha iwake kutwa kucha. Akafungua mapazia. Akakung'uta zulia mbele ya feni. Akamwita mfagizi afagie chumba mara mbili bila kunyunyiza maji. Kila jioni alifungua kava, akapuliza juu ya shuka, akapata kitu ambacho hakikutosha hata kumfanya mtu apige chafya. Kiyoyozi kilikuwa kimeizoesha ile mashine maisha mazuri.

Ukaguzi ulipokaribia, akateremka kwa ngazi za nyuma, bahasha mkononi, akagonga kiupande upande kwenye Dirisha la Tatu.

"Mama. Vijiko viwili tu. Nitarudisha."

Mama hakuinua macho kutoka kwenye kibodi. "Foleni, Mheshimiwa Kaimu."

"Mimi?"

"Inaanzia kule kwenye nguzo."

Kimbunga akaenda kwenye nguzo. Katikati ya wananchi wenye makaratasi yao walisimama wanaume wa suti na tai, wakurugenzi wa ofisi za jirani, wakijipepea kwa bahasha tupu na kukwepa kutazamana. Mbele yake alikuwapo mtu aliyemfahamu: dereva wa Katibu Mkuu. Huyu hakuwa na bahasha. Alikuwa na ndoo yenye mfuniko.

"Na wewe?"

"Nimetumwa, mzee."

"Vijiko vingapi?"

Dereva akatazama huku na huku. "Kaniambia nisirudi mpaka ijae."

Dirisha la Tatu likafunguka kidogo, na ile sauti ya kuvuka barabara ikatoka:

"Wenye shida ya vibali, sogeeni mbele! Wenye shida ya vumbi, mtandao hakuna!"