Rambirambi za Baba Martina

Nimeaibika leo, jamani. Mchana kweupe, mbele ya watu, tena nimevaa tai.

Mnajua mimi ni mhasibu wa ofisi ya umma hapa Babati. Tukikaribia kufunga mwaka wa fedha, kazi yangu ni kuingiza kwenye kompyuta kila kitu ambacho ofisi inadaiwa na watumishi wake: likizo ambazo watu hawajaenda, nauli zao, stahiki za wanaostaafu. Nimeifanya kazi hiyo wiki nzima mpaka macho yakawa mekundu. (Na nilikuwa najisifu kantini kwamba mimi huwa sikosei. Mtaona.)

Asubuhi Neema wa utumishi akaingia ofisini kwangu, uso umemshuka. Akaniuliza kama nina habari kwamba Baba Martina ametutoka. Nilishtuka mpaka kalamu ikanidondoka. Baba Martina, dereva wetu, mzee aliyetuendesha miaka yote bila kukanyaga hata kuku! Yuko kwenye likizo yake ya mwisho kabla ya kustaafu, kwa hiyo hatujamwona muda. Anasubiri tu kiinua mgongo chake aezeke nyumba anayojenga Nakwa. Nikamuuliza Neema amesikia wapi. Akasema ameona kwenye mfumo, mafao ya mzee yamehamishiwa kwenye mirathi.

Nikapiga simu ya mzee. Haipatikani. Basi, nikaamini.

(Mtu mwenye akili angeuliza nani aliingiza taarifa hiyo. Mimi nilikuwa nalia.)

Nikaandika kwenye grupu la ofisi, "Kwa masikitiko makubwa," nikaweka na picha yake ameegemea gari. Nikajiteua mweka hazina wa msiba. Michango ikamiminika, hata wale wabahili wa manunuzi walitoa. Tukanunua mchele, sukari na majani ya chai, tukaingia kwenye gari la ofisi, mimi na Neema, mpaka Nakwa.

Tukafika. Hakuna turubai. Hakuna viti. Hakuna waombolezaji. Nikamnong'oneza Neema kwamba pengine ndugu bado wako njiani. Mama Martina alikuwa uani anapepeta maharage. Akanyanyua uso, akatabasamu, akatukaribisha vizuri kabisa. Nikajisemea, maskini, mjane hajakubali. Nikamwendea, nikamshika mikono yote miwili, na kilio kikanitoka. Mimi, mwanaume mwenye ndevu.

"Pole, mama yangu. Jikaze. Ni mipango ya Mungu."

Ungo ukaanguka. Akapiga yowe lililowatoa majirani wote majumbani. "Martina wangu! Martina amepatwa na nini huko Dodoma?"

Hapo nikachanganyikiwa. Nilitaka kumweleza kwamba si Martina, lakini kabla sijafungua mdomo, nyuma ya banda la nguruwe akatokea marehemu. Ana ndoo mkononi. Anauliza kuna nini.

Nilikimbia. Siwadanganyi. Nilimwacha Neema, nikaacha na kiatu kimoja kwenye maharage, nikaenda kunasa tai kwenye uzio wa michongoma. Majirani ndio walioninasua.

Wakanirudisha, wakanikalisha kwenye kigoda. Nikamwamkia mzee, naye akaitikia. (Sijawahi kufurahia marahaba kiasi kile.) Akasema simu yake inachajiwa dukani, kisha akataka kujua nani amekufa. Neema ndiye aliyemjibu.

"Ni wewe, baba. Mfumo ndivyo unavyosema."

"Na huo mfumo uliambiwa na nani?"

Neema akatoa simu, akaangalia picha aliyoipiga asubuhi kwenye kompyuta yake. Akaikuza. Akanitazama. Chini ya neno "Amefariki" kulikuwa na jina la aliyeingiza taarifa, na jina lilikuwa langu, lote, mpaka la babu. Kwenye sababu za mtu kutoka kazini, "Amestaafu" na "Amefariki" zimepakana, na kidole changu kilibonyeza ya chini. Kwa hiyo nilimuua mwenyewe, kisha nikaenda kumlilia.

Majirani walicheka mpaka wakakaa chini. Mama Martina hakucheka. Alikuwa ameazima simu ya jirani, anamsikiliza mwanawe akiongea. Hapo ndipo aibu iliponiingia hasa. Na zaidi pale Neema alipoeleza kwamba kiinua mgongo kimesimama, hakitoki mpaka mzee alete barua ya mtendaji wa mtaa kuthibitisha kwamba yuko hai. Mama wa watu akatazama kuta za nyumba yao isiyo na bati, akanitazama na mimi. Nikatamani michongoma inirudie.

Nikasema barua naifuata mimi mwenyewe, sasa hivi, hata kwa kiatu kimoja. Sikufika mbali. Mtendaji nilikutana naye getini, anakuja kutoa pole.

Akaandika barua palepale, juu ya goti, huku anamtazama mzee kwa wasiwasi. Nimerudi nayo ofisini, Neema ameanza kurekebisha. (Mimi nimekatazwa kugusa kompyuta.)

Ila wakati tunaondoka, nilianza kurudisha mchele na sukari kwenye gari. Baba Martina akaniwekea mkono begani.

"Mwanangu, hivyo acha. Na ile michango ilete. Msiba si wangu?"

Kwa hiyo naombeni msicheke. Na mliochanga, msinidai mimi: marehemu amekataa kurudisha.