Tumbo la Ukoo

Jumatatu, 3 Machi

Mnafu tena, yale majani machungu. Mnafu, ndizi mbili za kuchemsha, chai ya rangi isiyo na sukari. Mke wangu Rachel ameamua. Chanzo ni wale wauguzi waliotupima jana baada ya ibada, mbele ya kwaya nzima. Kilo mia moja na kumi na nne. Binamu yangu Dismasi, mwembamba kama fito, akasema kwa sauti kwamba mizani ya watu imeshindwa, nipelekwe mnadani nikapimwe na ng'ombe. Kwaya ikacheka. Hata mchungaji alikohoa kikohozi cha uongo.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Zahanati imetangaza kwamba watafiti wa vinasaba wanatafuta koo zenye unene na kisukari. Wanachukua damu, wanaangalia kama mambo haya yanarithiwa. Mara moja nikaona njia. Tumbo langu likithibitishwa kuwa ni la ukoo, Rachel atamlaumu nani? Babu? Babu yuko kaburini.

Tena kuna Marta, na hapo sifanyi mzaha. Ni binti wa marehemu mdogo wangu Elieza, tumemlea sisi. Sukari ilimshika akiwa kidato cha pili, mwembamba vilevile alivyo leo, na tangu hapo ni sindano kila siku. Sasa amepata nafasi chuo cha mifugo, Mpwapwa, masomo yanaanza Oktoba. Rachel amekataa. Mwaka jana sukari ilimshuka tukamkuta sakafuni, hajitambui. Huko bwenini nani atamkuta? Marta hakubisha. Alikwenda kukamua ng'ombe na hakutugeukia hadi ndoo ilipojaa. Iliniuma.

Ijumaa, 7 Machi

Nimejiteua msemaji wa ukoo. Hakuna aliyepinga, kwa kuwa hakuna aliyeulizwa.

Nimewachagua wanene tu. Shangazi, wanawe wote, na mimi mwenyewe mbele. Marta anakuja kwa sababu ya sukari, ingawa umbo lake linatuangusha. Dismasi nimemwacha nje. Utafiti wa unene, fito ya nini? Daktari Iqbal, kijana mpole wa Kaloleni anayeongoza kazi hii, alinipigia simu kuuliza kama kuna ndugu wengine. Nikasema ndio sisi tu. Akasema zahanati imemtajia mtu anaitwa Dismasi. Nikamwambia huyo ni jirani.

Si uongo kamili. Tumepakana, na mpaka wenyewe tunaugombea tangu enzi za baba zetu.

Jumatatu, 10 Machi

Aibu!

Daktari alikuwa ameagiza tusile chochote kabla ya kutoa damu. Nikafikiri: ukoo mzito ukishinda na njaa si utapungua? Watatukataa. Nikawaita wote kwangu alfajiri, kila mtu bakuli la loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando. Marta peke yake alikataa, akasema agizo ni agizo. Basi nikamvalisha masweta matatu ya Rachel, juu yake kitenge, apate umbo.

Daktari Iqbal akauliza nani amekula. Shangazi akatikisa kichwa, maziwa ya mgando yakiwa bado juu ya mdomo wake. Sote tukarudishwa, tuje kesho na njaa zetu. Kisha daktari akamuuliza Marta kama ana homa. Marta akavua masweta moja baada ya jingine, akayakunja, akanikabidhi mbele ya watu. Wakamtoa damu. Daktari akasema katika ukoo mzima huyu mwembamba ndiye anayemtaka zaidi.

Sikuelewa. Labda ni huruma.

Jumanne, 17 Juni

Majibu yamefika, tumeitwa mimi, Rachel na Marta.

Daktari Iqbal alieleza taratibu, kama mtu anayefundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Kwenye damu ya Marta wameona badiliko katika kinasaba kimoja kinachosaidia kongosho kutoa insulini. Huenda sukari yake si ile tuliyodhani miaka yote. Kama ni hiyo, kuna vidonge vya kawaida vinavyoweza kuamsha kongosho lake, na sindano zikaachwa. Rachel alishika meza.

Lakini badiliko hilo halijawahi kuonekana kwingine, hawana hakika kama ndilo lenye kosa. Wanataka ndugu mwingine wa damu, mwembamba, aliyepata sukari tangu ujanani. Elieza angefaa, naye ilimshika akiwa kijana, ila tulishamzika. Je, yuko mwingine?

Nikasema hayupo.

Marta akasema kwa sauti ndogo kwamba yupo. Baba mdogo Dismasi. Hajawahi kuonekana akitia sukari kwenye chai, na Marta aliwahi kumkuta akimeza kidonge nyuma ya banda, akamwomba asimwambie mtu.

Daktari akapekua kompyuta yake. Akasema kwa mshangao kwamba ukoo ulieleza Dismasi ni jirani. Rachel akanigeukia polepole. Nyumbani hata mnafu sikupewa.

Alhamisi, 19 Juni

Kumwomba Dismasi ana kwa ana? Hapana. Akili ni mali.

Nilimwendea kwa upole, nikamwambia kuna mradi wa kupima damu wakulima wa kahawa, bure kabisa. Akauliza kahawa inahusiana nini na damu. Nikasema ni mambo ya soko la Ulaya. Akauliza mbona mimi mwenye kahawa nyingi kumpita sijapimwa. Nikasema nimepimwa, ndiyo maana bei yangu itapanda. Akafunga mlango.

Marta aliniuliza nimefikia wapi. Nikasema pazuri. Akanishukuru, nikashindwa kumtazama.

Jumapili, 22 Juni

Wazee wetu waliacha dawa ya ugomvi: jani la isale. Ukimpelekea uliyemkosea, hana ruhusa ya kukataa msamaha. Kwa nini sikukumbuka mapema?

Baada ya ibada nikaenda kutafuta isale. Na isale zinazoonekana haraka ni zipi? Zile zilizopandwa kuonyesha mpaka wangu na Dismasi. Nikavuta jani moja. Halikukatika. Nikavuta kwa mikono miwili. Likang'oka na shina lake, mizizi na udongo, nami nikaketi chini kwa kishindo.

Nilipoinua macho, Dismasi alikuwa amesimama pale na balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Abdiel. Dismasi akamwambia balozi ajionee kwa macho yake, mtu anang'oa mpaka siku ya Bwana. Nikasema nimekuja kuomba msamaha. Balozi akauliza, kwa kuhamisha mpaka?

Hapo akili ziliniishia. Nikasema yote nikiwa nimeketi vilevile, shina mapajani. Kwamba niliwaambia madaktari yeye si ndugu yetu. Kwamba Marta anaweza kuacha sindano akaenda Mpwapwa, na damu inayotakiwa ni yake yeye Dismasi, si yangu. Sauti ilinikatika. Sikuipanga ikatike.

Dismasi akasema Elieza ndiye pekee aliyejua kuhusu sukari yake. Walikuwa wakitaniana nani ataoza mguu kwanza. Alipokufa Elieza, hakupata tena wa kumtania. "Ungesema ni kwa ajili ya Marta, ningekuja hata alfajiri," akasema.

Akaipokea isale. Akaipanda upya, akaishindilia kwa kisigino. Hatua nzima ndani ya migomba yangu. Balozi aliona, nami niliona. Nikanyamaza.

Jumatatu, 11 Agosti

Ni lilelile! Dismasi analo, Marta analo. Wamepima tena na kongosho la Marta, bado linaweza kutoa insulini. Sisi wanene wote hatuna. Daktari alinieleza kwamba tumbo langu lina vinasaba vingi vidogovidogo, kila kimoja kinasukuma kidogo, na kinachobaki kinasukumwa na mdomo. Rachel aliomba arudie sehemu ya mdomo.

Marta ameanza vidonge leo. Sindano zitapunguzwa hatua kwa hatua, akipimwa kila mara. Daktari ameonya kwamba hii ni kwa aina yake tu, mwingine asithubutu.

Jumamosi, 30 Agosti

Siku kadhaa sasa Marta hajajichoma. Sukari imetulia. Asubuhi Rachel alilitoa sanduku juu ya kabati, akalifuta vumbi, akaliweka kitandani kwa Marta. Marta alilia, Rachel alilia. Mimi nilikwenda nje kuangalia ng'ombe, ambao hawakuwa na shida yoyote.

Jumapili, 12 Oktoba

Marta amepiga simu kutoka Mpwapwa. Sukari nzuri. Amesaidia ndama kuzaliwa, akaongea habari za ndama mpaka salio likaisha. Rachel ameshinda akiimba.

Kumbe Daktari Iqbal anaendelea kutafuta koo. Amesema waje wote, wanene kwa wembamba, asiachwe mtu. Ukoo wa Rachel una sukari pia, na kwa uzoefu nilio nao nimejitolea kuuratibu. Safari hii sikosei. Nimechukua wembamba watupu. Shemeji yangu Lesikar ana sukari tangu shuleni, lakini ni mnene mno, atatuharibia.

Daktari alipouliza, nikamwambia huyo ni jirani.