Raba Zangu, Miguu ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza tena kukimbia. Miaka thelathini na saba si uzee. Uzee ni kuacha, nami sikuacha. Nilipumzika tu, miaka kumi na minne.

Sababu: Daktari wetu wa meno amebandika tangazo kwamba kliniki itapeleka watu wanne kwenye mbio za kilomita kumi, tarehe 23. Yeye, nesi, na mpiga picha za meno. Imebaki nafasi moja. Nilikuwa nalisoma, mikono mfukoni, bwana wa mapokezi akapita nyuma yangu. Tunamwita Tabasamu kwa sababu analo moja tu na halizimwi. Akasema, "Mzee, wewe utatushikia mifuko, eh?"

Mzee! Nimemzidi miaka kumi na mmoja tu. Na meno bandia anayowakabidhi wagonjwa kaunta, nani anayatengeneza? Mimi, kule chumba cha nyuma, kwa mikono hii.

Shuleni nilikuwa wa tatu mkoa mzima, mita elfu moja na mia tano. (Tulikuwa wanne, na mmoja alianguka. Lakini hii ni shajara, si mahakama.)

Leo nimekimbia kutoka nyumbani hadi duka la dawa. Kisha nikaingia duka la dawa.

Jumatano, 5 Machi

Raba zangu za zamani zilikuwa juu ya kabati tangu kabla sijaoa. Kwa macho, nzima kabisa. Hatua ya arobaini, ya kulia ikafungua mdomo. Ya hamsini, ya kushoto nayo ikaitikia. Nimerudi nyumbani nikipiga makofi kwa miguu.

Nimenunua mpya. Dada wa dukani akashauri nichukue zilizozidi namba moja, mguu huvimba mtu akikimbia. Nikamwambia mguu wangu naufahamu tangu utotoni. Namba 41. Akasema basi nizivae nyumbani wiki mbili kwanza, zilainike. Nikamshukuru. Wiki mbili anazo yeye.

Jumamosi hii nimetoa tangazo langu mwenyewe kazini, kwa mdomo: nafasi ya nne ni yangu. Sahihisho: nitalitoa Jumamosi. Leo bado Jumatano.

Alhamisi, 6 Machi

Lengelenge kwenye kisigino, kubwa kama punje ya haragwe. Limepasuka njiani. Damu ndani ya raba ya kulia. Na nyuma ya mguu, juu ya kisigino, kitu kinavuta kama uzi uliofungwa vibaya.

Nimekwenda kwa daktari wa viungo. Mama mmoja mfupi, vidole gumba vya mtu anayekanda unga wa kambi nzima. Akabonyeza, nikasema jambo ambalo silirudii hapa. Kano imevimba, akasema. Siku saba bila kukimbia, kisha dakika kumi kumi. Akaanza ile methali ya asiyesikia la mkuu. Nikamwambia naijua, asijisumbue kuimalizia.

Akaniuliza kama nimeelewa. Nimeelewa. Siku saba. Hakutaja zipi.

Ijumaa, 7 Machi

Wazo limenijia bafuni.

Mama mkwe yuko kwetu tangu mwezi uliopita, nyumba yake inaezekwa upya. Miaka sitini na mitatu. Kila asubuhi hutembea hadi soko la mbali, kwa sababu la karibu, anasema, wanauza nyanya kwa kiburi. Leo nimeona ndala zake mlangoni. Nikatazama huku na huku, nikaingiza mguu. Arobaini na moja! Kamili, kama tumezaliwa pamoja.

Hesabu ni rahisi. Mimi nipumzike wiki moja, yeye azitembeze raba wiki hiyo hiyo. Nikipona, nazikuta laini. Kigingi ni kimoja: mtu hamwambii mama mkwe "nilainishie viatu." Mtu hata hapiti sebuleni na taulo mama mkwe akiwa amekaa.

Kwa hiyo nilimpelekea kwa mikono miwili nikasema, "Mama, hivi vitakufaa njiani." Ndani ya moyo niliongeza "kwa sasa." Mdomoni halikutoka. Akazipokea kwa mikono miwili, akaniombea dua ndefu, ukoo mzima ukatajwa. Mke wangu alinitazama kwa jicho la mtu aliyenifahamu miaka kumi na mmoja.

Jumatatu, 10 Machi

Mambo yanakwenda. Mama mkwe alifika tangi la maji na kurudi, Jumamosi na Jumapili. Raba zinaanza kukunjika kwenye vidole. Sikuweza kujizuia, nilizikagua baraza zima likinitazama.

Kazini nimetumia muda wa chakula kujitengenezea soli za ndani. Nyayo zangu ni bapa, na soli za kupimiwa ni ghali. Lakini mtu anayetengeneza taya zima hashindwi na unyayo. Nikakoroga plasta ya kupimia meno ndooni, nikatumbukiza mguu.

Plasta ya meno hukauka kwa dakika tano. Nilijua hilo. Nimelijua miaka kumi na miwili.

Daktari alipoingia na mgonjwa aliyetaka kuona meno yake yanapotoka, nilikuwa nimesimama na mguu mmoja ndooni. Tabasamu nyuma yao. Nikasema ni utafiti. Mgonjwa akauliza kama na yeye atapimwa hivyo. Ilibidi ndoo ikatwe kwa msumeno. Aliyekata ni Tabasamu, akitabasamu.

Jumatano, 12 Machi

Soli zimekamilika. Nimezimimina kwa malighafi ile ile ya meno bandia, kwa hiyo zina rangi ya fizi. Zinapendeza. Nimezivaa kazini ndani ya viatu vya kawaida. Zinalia kwa! kwa! kila hatua. Saa nane, ya kushoto ikapasuka katikati. Mgonjwa aliyekuwa kwenye kiti alidhani ni jino lake.

Alhamisi, 13 Machi

Siku saba zimetimia. Kano inavuta kidogo tu, asubuhi na jioni na katikati. Wakati wa kuzirudisha raba.

Shida: mama mkwe hatembei tena. Anakimbia. Polepole, kama mtu anayewahi simu, lakini ni kukimbia. Anasema kisigino kilichomsumbua miaka sita kimeacha kuuma. Amewapigia simu dada zake wote watatu kuwaeleza juu ya mkwe aliyepewa na Mungu. Mmoja alitaka kuongea nami. Alilia.

Mezani nikapita kwa mbali. Nikasema nimesoma mahali kwamba raba nazo huchoka, zinahitaji kupumzishwa kabatini siku chache.

"Mwanangu," akasema mama mkwe, "kiatu hakichoki. Huchoka mvaaji."

Mke wangu alipaliwa na maji. Ikabidi apigwe mgongoni.

Jumamosi, 15 Machi

Mpango mpya. Jana jioni nilijitolea kumfulia raba. Akasema Mungu aniongezee. Ahadi ilikuwa kwamba zinakauka hadi mchana. Saa kumi na mbili alfajiri nikazivaa mbichi, nikatoka.

Laini! Kama mkate uliolowa chai. Nimekimbia hadi njia panda bila kusimama. Hapo nikamwona daktari wa viungo akinunua maziwa. Nikajificha nyuma ya lori la matofali.

Lori likaondoka.

Nililifuata mita mia mbili nikiwa nimeinama, kwa kasi niliyoiona mara ya mwisho nikiwa kidato cha pili. Daktari akapaza sauti akaniuliza ni siku ya ngapi. Nikasema natembea. Kano imelia.

Nyumbani mama mkwe alikuwa getini, kandambili miguuni, akingoja raba zikauke. Nikamwambia nilikuwa nazikausha kwa upepo. Akanishukuru kwa moyo wangu.

Jumatatu, 17 Machi

Daktari ametangaza: Jumatano jioni, uwanja wa shule ya jirani, mizunguko minne. Atatazama, atachagua. Wagombea ni wawili. Tabasamu amenunua chupa ya maji yenye alama za saa: kila saa una mstari wako wa kunywa. Anakunywa kama ng'ombe wa maonyesho.

Mke wangu amesema nimwambie mama yake ukweli, mficha uchi hazai. Nikamwambia mama yake ni mkwe wangu, si karani wa posta. Akasema, basi kimbia peku.

Sikulala vizuri mchana wa leo kazini. Ukweli ni kwamba hii nafasi naitaka. Si kwa ajili ya Tabasamu tu. Kule chumba cha nyuma hakuna anayeniona. Watu hutabasamu mjini kwa kazi yangu na hawajui niko hai. Kilomita kumi barabarani, namba kifuani, watu wamejipanga pande mbili. Basi.

Nimezifunga midomo raba za zamani kwa ile dawa ya kushikiza meno bandia. Imeshika ajabu.

Jumatano, 19 Machi

Naandika nikiwa nimelaza mguu juu ya mito miwili.

Nilifika uwanjani na raba za zamani. Ile dawa ya kushikiza ilikuwa imekauka siku mbili, ikawa mfupa. Soli hazikunjiki. Nilikuwa nakimbia juu ya mbao mbili.

Mama mkwe akaja kunishangilia, na raba zangu miguuni. Daktari, mtu wa watu, akamwambia, "Mama, usikae tu, jiunge na vijana." Akajiunga.

Mzunguko wa kwanza: Tabasamu mbele, mimi wa pili, mama mkwe nyuma yetu akimsimulia nesi, aliyekuwa akimsindikiza, habari za bei ya mabati. Wa pili: nimesimama kurekebisha kamba. Kamba haikuwa na shida. Wa tatu: Tabasamu ameshika mbavu. Lita mbili tangu asubuhi, kwa mujibu wa mistari. Akaketi kwenye nyasi, tabasamu limezimika. Sikuwahi kuliona bila taa. Nilipata huruma, nikaketi karibu naye. Pia nisingeweza kufika mbali zaidi.

Mama mkwe akamaliza mizunguko minne. Akauliza kama imetosha.

Daktari akasema mashindano hayahesabu kasi, yanahesabu timu iliyofika watu wote wanne. Akafunua karatasi: wafanyakazi na familia zao. Akamwandika mama mkwe wangu pale pale.

Tulirudi kwa miguu, mimi na yeye, mimi nikichechemea. Karibu na nyumbani akasimama.

"Mwanangu. Raba hizi zilikuwa zako."

Nikasema ni zake, Mama.

"Siku ya kwanza zilikuwa na damu kisiginoni. Mtu hampi mkwewe kiatu chenye damu. Nikasema acha, atasema mwenyewe. Nimengoja siku kumi na mbili." Akainama, akaanza kufungua kamba. "Chukua. Na nafasi yako chukua. Mimi nilikuwa nafurahia tu."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini alikuwa ameinama pale njiani, mama mzima, kwa ajili yangu, na uso wake ulikuwa wa mtu anayerudisha zawadi ya sikukuu.

Nikasema, "Mama, mkono ukishatoa haurudi. Kimbia wewe."

Akafunga kamba, mafundo mawili.

Nimejisikia mtu mwema kwa kama nusu saa. Kisha nikakumbuka kwamba Tabasamu alikuwa pale nikishindwa na mama mkwe.

Jumapili, 23 Machi

Nilipewa kazi ya maji, kilomita ya nane. Kisigino kimefungwa bandeji, ndala miguuni, vikombe thelathini mezani.

Daktari akapita. Nesi akapita. Mpiga picha za meno akapita akilalamika. Mama mkwe hakuonekana. Nikaanza kuwaza kila kitu. Kisha nikamwona kwenye kona, shati la kliniki limemning'inia hadi magotini, namba 2206. Hakukimbia wala hakutembea. Akachukua kikombe, akajimwagia kichwani.

"Mwanangu, nimechoka. Twende nawe kidogo, unisemeshe."

Ungefanyaje? Nikaacha meza, nikaenda naye. Nikamsimulia yote: lori la matofali, ndoo, soli za rangi ya fizi. Alicheka hadi akaongeza mwendo. Mimi nami nikaongeza, kwa ndala. Watu pande mbili wakapiga makofi. Nakiri nilipunga mkono.

Mita mia tatu kabla ya mwisho, nyuma ya mguu wangu pakalia ta! kama kamba ya gitaa. Nikakaa barabarani. Mama mkwe akageuka, akataka kurudi. Nikampigia kelele aende, akisimama timu haihesabiwi. Nimempigia kelele mama mkwe, hadharani! Akaenda.

Akafika. Saa moja na dakika thelathini na nne. Timu imehesabiwa.

Mimi nilibebwa mgongoni na Tabasamu. Alikuja mbio kutoka kwenye hema la maji la mwisho wa mbio, alikopangwa yeye. Akasema, "Pole sana, mzee." Nikaitika.

Jumatano, 26 Machi

Kano imechanika nusu. Nimefungwa mguu kwa plasta, safari hii na watu wanaojua kuifungua. Daktari wa viungo hakunigombeza, jambo lililonitisha zaidi. Alimgeukia mke wangu akampa yeye maelekezo, kama vile nilikuwa mbuzi. Wiki tano mguu usikanyage chini. Mke wangu amenitaka niahidi kwamba sitakimbia tena mwaka huu. Nimeahidi, na kwa moyo safi. Mama mkwe alikuwa shahidi.

Nimepata muda wa kutafakari. Nimelala siku tatu nikiyapima yote, tangu siku ya kwanza, na nimeona wazi kosa lilikuwa wapi. Kosa halikuwa langu. Lilikuwa la ardhi. Ardhi ni ngumu mno. Hakuna mguu unaoweza kushindana nayo.

Kwenye gazeti alilofungia nesi matunda aliyoniletea, nimeona tangazo: mashindano ya kuogelea, bwawa la manispaa, tarehe 6 Aprili, mita mia nne, umri wowote. Nimeshajiandikisha kwa simu. Kuogelea sijui, lakini nimepanga kujifunza Alhamisi. Plasta nitaifunga kwa mfuko wa nailoni.

Na ahadi sijaivunja hata kidogo, kuogelea si kukimbia. Daktari wa viungo naye alisema mguu usikanyage chini. Kwenye maji hakuna chini.