Tumbo Langu na Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi 2025

Choo hakuna tena leo. Tumbo gumu kama ngoma. Nilipita zahanati hapa Shinyalu nikitumai dawa ya kumeza mara moja yaishe. Muuguzi akaniambia ninywe maji, nile mboga ya mrenda na papai, nitembee kwa miguu, nipunguze nyama. Nikamshukuru sana. Nikapitia kwa mchoma nyama.

Baya zaidi: mchungaji amemchagua Titus kuwafundisha waumini Jumapili juu ya kutunza tumbo kwa njia za asili. Titus ni shemeji yangu, ndugu ya mke wangu Priscah. Hunywa uji wa wimbi na kutembea kila alfajiri hadi msituni Isecheno, kisha anatusimulia. Na mimi katibu wa wanaume kanisani nikae tu nisikilize?

Jumanne, 4 Machi

Nimempigia mchungaji. Nikamwambia Titus amekauka sauti, ila anaona haya kujitoa. Akauliza nani atashika nafasi hiyo. Nikajifanya nafikiria.

Ni mimi!

Priscah amefurahi. Ameamua mrenda kila mlo, ati mwalimu awe mfano. Mrenda unateleza kama kamasi. Alipotoka nje nikampa ndama wetu.

Alhamisi, 6 Machi

Ndama sasa ananifuata kila niendako.

Titus alikuja. Mchungaji alikuwa amempigia kumpa pole ya sauti. Sikujua niangalie wapi. Akacheka, akasema ningemwomba tu angeniachia nafasi kwa roho safi. Akaniachia papai kubwa.

Nimeona haya kweli. Papai nimempa ndama.

Jumamosi, 8 Machi

Naogopa. Nitafundishaje habari za choo na mimi sina? Nimekwenda sokoni Kakamega kwa Swafia, mama wa Mumias anayeuza dawa za miti. Akauliza nani mgonjwa. Nikasema ni rafiki. Akanipa sanamaki, dawa ya kuharisha, na kusisitiza: rafiki achemshe majani machache, anywe jioni, kesho yake asitoke nyumbani.

Rafiki huyo ana mwili mkubwa. Nimechemsha mfuko mzima. Nimekunywa nusu jagi. Kimya.

Jumapili, 9 Machi

Naandika nikiwa kitandani, nimejifunika hadi kichwani.

Asubuhi bado kimya, nikamalizia jagi. Kanisa lilijaa. Mama mkwe, mama yao Priscah na Titus, alikaa mbele, uso kando kwa heshima. Kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani hata mkono.

Nilianza vizuri. Nilikuwa nawasihi watu wasiharakishe mwili, tumbo likanguruma, na maikrofoni ikalinasa. Wakadhani ni spika. Liliponguruma tena hawakudhani hivyo. Nikasema narudi sasa hivi, nikakimbia.

Choo cha kanisa kilikuwa kimefungwa kwa ndani. Nikagonga kwa mikono yote. Nikafoka: "Toka wewe! Umelala humo?"

Komeo likafunguka polepole. Akatoka mama mkwe. Sikuwa nimemwona akiondoka kitini. Alikuwa amejifunika uso kwa leso.

"Ingia, mwanangu," akasema. "Nimefumba macho."

Na kweli alikuwa amefumba. Akaenda zake akipapasa ukuta.

Nilikuwa nimeshachelewa.

Titus ndiye aliyemalizia somo. Kisha akaniletea suruali yake nyuma ya choo. Ni fupi.

Jumatano, 12 Machi

Priscah haniulizi kitu, na hilo ndilo linaloniumiza. Anaweka mrenda mezani, anakaa mpaka nimalize. Nimeula. Nimekunywa maji. Jioni tumekuwa tukitembea naye hadi kwenye mashamba ya chai. Watu wanatusalimu kwa upole mno.

Leo asubuhi choo kimekuja chenyewe, taratibu. Nilikaa pale nikitaka kulia. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Na mama wa watu, miguu yenyewe inamsumbua, alitembea kama kipofu ili kunistiri.

Jumamosi, 15 Machi

Leo tunakwenda kwa mama mkwe kuomba radhi. Ingokho yuko kikapuni, jogoo mzuri. Mama mwenyewe atakula jikoni kama desturi, lakini Priscah anasema amekuwa akipika tangu alfajiri. Ametuma neno kwamba nikimaliza obusuma, ugali wake wote, atajua yamekwisha.

Tumbo liko sawa kabisa. Lakini je, likinguruma tena, na safari hii nyumbani kwake? Sitabahatisha. Jirani yetu Osiako amenieleza kwamba majani ya mpera hufunga tumbo, unatafuna mawili matatu tu.

Nimechemsha sufuria nzima. Nimekunywa hadi mashapo.

Nahisi kama nimemeza tofali. Vizuri sana. Priscah ananiita tuondoke, ati chakula cha mama kitapoa.